Nani Aliulizwa Matombo?

Parokia ya Tanzania ikifanya jubilei huchapa kijitabu. Ndani yake mna picha ya askofu, picha ya paroko, salamu za mkuu wa wilaya, na ukurasa mmoja au miwili ya huduma ambazo kanisa limeipa jamii: shule, zahanati, chekechea, kisima, mashine ya kusaga. Mara nyingi orodha hiyo ni ya kweli, na wenye haki ya kujivunia wajivunie. Kinachokosekana ni maelezo ya nani aliomba nini. Kanisa limetoa, jamii imepokea, mkuu wa wilaya ameshukuru, pilau imeliwa.

Matombo panafaa kulifikiria jambo hili kuliko sehemu nyingi, kwa sababu watu wa pale wamehudumiwa kwa muda mrefu na kwa bidii, na si na kanisa peke yake. Misheni ya Kikatoliki ilifunguliwa mwaka 1897 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Iko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye barabara itokayo Bigwa, pembeni mwa Morogoro mjini, ikapita Kiroka na Mkuyuni kuelekea Mvuha na Kisaki. Ndio upande unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi. Mvua ni nyingi, na ardhi inaotesha karibu kila kitu: migomba, minazi, mifenesi, michungwa, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Mgeni akiutazama ule ukijani hushangaa kwa nini wenyeji si matajiri. Jibu ni refu, ila sehemu yake ni kwamba mlima ni mkali, mashamba ni vipande vipande, na bei hupangwa na mwenye lori.

Wamisionari walipofika hawakukuta watu waliokaa wakingoja kusaidiwa. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo chini ya mndewa, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kugawa mashamba, kutunza makaburi na kusuluhisha. Mwenye shida kubwa kuliko uwezo wa mndewa alikuwa na safari ya kwenda kwa mzimu wa Kolelo, kwenye pango lililoko Kolero, ng'ambo ya mabonde machache tu kutoka Matombo, ambako watu walipeleka maombi ya mvua na mavuno. Jina la Kolelo lilisikika hadi kwenye vita vya Maji Maji mwaka 1905. Kwa hiyo padri alipotangaza kwamba ameleta msaada kutoka juu, alikuwa anaingia kwenye biashara iliyokuwa na wenyewe.

Halafu kulikuwa na utani. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia James Boyd Christensen alichapisha utafiti mzima juu ya utani wa Waluguru, na wasomaji wa ng'ambo, kama kawaida yao, walivutiwa zaidi na matusi. Matusi yapo. Lakini mtani ana wajibu kabla hajawa na mzaha: ukoo mmoja ukifiwa, ukoo wa watani ndio unaoshughulika na mazishi, kwa sababu wafiwa hawana nguvu. Wanafanya kazi, wanadai vijizawadi vyao, wanamtania marehemu mpaka mjane anacheka huku akilia. Kesho yake mambo yanaweza kugeuka, na aliyehudumiwa akawa mhudumu. Hakuna anayebaki na deni la shukrani maisha yake yote. Nitarudi kwenye hilo, maana naliona ndilo kipimo cha haki cha huduma yoyote iliyokuja baadaye.

Huduma kubwa ya misheni ilikuwa shule. Njia ya kwanza ya mapadri wale, ya kuwakusanya Wakristo katika vijiji vyao wenyewe chini ya kengele ya kanisa, haikuwa na wakati ujao katika milima yenye watu wenye ardhi yao na wajomba wao. Wakaanza kuwatuma walimu vijijini. Mwalimu wa wakati ule alikuwa kijana aliyesoma kidogo, mwenye ubao mmoja, banda la nyasi, na kazi mbili: kufundisha katekisimu na kufundisha kusoma. Mapadri walizipanga kazi hizo kwa utaratibu huo. Wazazi wengi walizipanga kinyume. Mtoto aliyejua kusoma angeweza kuwa karani, kuhesabu mizani ya mnunuzi, kuandika barua kwa ndugu aliyeko kwenye mashamba ya katani. Roho yake ingeokoka pia, lakini hilo lingeweza kusubiri.

Serikali ya Waingereza ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni katikati ya miaka ya 1920, mizani ikazidi kuelemea upande wa wazazi. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Westminster, aliwaambia mapadri waliokutana Dar es Salaam kwamba wakishindwa kuyafanya yote mawili, afadhali makanisa yangoje na shule zikamilishwe. Wengine waliona ni busara, wengine waliona ni kuliuza kanisa kwa mkaguzi wa elimu. Mimi naona lilikuwa jambo rahisi zaidi: Roma ilikuwa imesikia kile ambacho wazazi wa vijijini walikuwa wanakisema kwa miaka thelathini, ila Roma ilikisikia pale tu kilipokuja na ruzuku.

Mwanaanthropolojia Peter Pels alitoa kitabu mwaka 1999 kuhusu mahusiano ya wamisionari na Waluguru katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na Matombo ndiyo uwanja wake mkuu. Mambo anayoyatilia maanani ni ya kila siku: nani alimtembelea nani, nani alitembea kwa miguu na nani alikaa ofisini, mgonjwa alishikwaje, mwalimu wa kijiji alisimama wapi kati ya padri na mndewa. Ukisoma historia kwa namna hiyo unaona kwamba watu wa Matombo hawakumezeshwa huduma. Walichagua. Walichukua shule na kuacha sehemu ya masharti yake. Walikwenda zahanati kwa kidonda, na kwa mganga kwa ugonjwa wenye sababu. Watoto wa kike waliendelea kuwekwa ndani wakawa wali, hata padri akisema nini. Mapadri waliandika kwa uchungu kwamba Wakristo wao ni vuguvugu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba walikuwa wateja makini.

Mambo yalikuwa magumu zaidi kwa Waislamu, na upande huu wa mlima Waislamu ni wengi. Mgeta, ng'ambo ya pili, ni Ukatoliki karibu mtupu. Matombo na jirani zake ni mchanganyiko, na mchanganyiko wenyewe uko ndani ya nyumba moja. Mjomba anaitwa Salumu, mpwa anaitwa Paulo, na shamba ni la bibi mmoja. Shule ikiwa ya misheni, mzazi Mwislamu alikuwa na hesabu ya kufanya ambayo mzazi Mkristo hakuwa nayo: elimu ilikuwepo, lakini ilikuwa nyuma ya kisima cha ubatizo. Wapo waliokubali, wapo waliokataa na kuwaacha watoto wakalime. Tofauti ya elimu kati ya Wakristo na Waislamu wa Tanganyika, ambayo hadi leo inatajwa kwenye mihadhara na bungeni, ilitengenezwa kwenye hesabu za namna hiyo, kijiji kwa kijiji. Mtu anayeandika kwamba kanisa lilisomesha jamii inabidi aseme ni jamii ipi, na kwa bei gani.

Hata hivyo shule ilikuwa na jambo moja zuri: ungeweza kuikataa. Huduma nyingine iliyokuja Matombo haikuwa na nafasi hiyo, na haikuletwa na kanisa. Mwaka 1950 serikali ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioandikwa na wataalamu wenye nia njema. Mlima unamomonyoka, walisema, na mito inayoshuka kwenda Ruvu itajaa mchanga. Dawa yake ni matuta ya ngazi, na kila mwenye shamba lazima ayachimbe. Mgeta, ambako watu walilima mboga kwa kumwagilia, ngazi zilikuwa na faida na zilikubalika. Upande wa Matombo zilikuwa mzigo. Udongo wa juu ni mwembamba. Ukiuchimba na kuugeuza unaleta juu ule usiozaa. Mkulima alichimba kwa amri, kisha akavuna kidogo kuliko mwaka uliopita, na bwana shamba akamwambia avumilie.

Julai 1955 uvumilivu uliisha. Watu walikusanyika Matombo, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa haujamaliza kazi yake. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, haikuhitaji kufanya kampeni kubwa baada ya hapo. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu juu ya ardhi na siasa Uluguru mwaka 1960, na yeyote anayepanga mradi wa kuwasaidia wakulima wa milimani angefaa kukisoma kabla ya kununua kofia na fulana za uzinduzi. Wataalamu wale hawakukosea kuhusu mmomonyoko. Udongo ulikuwa unashuka kweli. Walikosea kudhani kwamba ukweli wa sayansi unaondoa haja ya kumwuliza mwenye jembe.

Nimeleta habari ya matuta kwenye makala ya kanisa kwa sababu miaka michache baadaye kanisa lenyewe lililazimika kujiuliza swali la aina hiyo. Azimio la Arusha lilipita mwaka 1967. Sheria ya elimu ya 1969 ikafuata, na shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali. Asubuhi moja padri aliamka akiwa na kanisa, nyumba yake, na shamba tu. Shule iliyojengwa kwa tofali za waumini ilikuwa sasa ya kila mtu, ikiwa ni pamoja na watoto wa Salumu, na bila kisima cha ubatizo mlangoni. Wapo viongozi wa kanisa walionung'unika. Nyerere, ambaye hakuwahi kukosa misa kwa sababu ya Ujamaa, alizungumza na masista wa Maryknoll katika jimbo la New York Oktoba 1970 na kuwaeleza kwamba kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litaonekana kuwa upande wa mifumo hiyo. Kutoa sadaka kwa mhanga wa mfumo na kuuacha mfumo ulivyo, kwake, hakukutosha. Ni hotuba ambayo mapadri wengi huitaja na wachache huisoma hadi mwisho.

Kanisa lisilo na shule lilifanya nini? Jibu la maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi Desemba 1973 na kulitilia mkazo zaidi 1976, lilikuwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Nyumba kadhaa za jirani zikutane kila wiki, zisome Injili, ziombe, na zitazame nani hapa ana shida. Wazo lilishika Tanzania kuliko mahali pengi, na si ajabu, kwa kuwa nchi tayari ilikuwa imezoea balozi wa nyumba kumi. Wakati mwingine balozi na mwenyekiti wa jumuiya alikuwa mtu yule yule, na ajenda tu ndiyo iliyobadilika.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma kubwa kuliko zote ambayo kanisa limeipa Matombo na vijiji vinavyofanana nayo, na haimo kwenye orodha ya kijitabu kwa sababu haina paa la kupigia picha. Angalia msiba. Mtu amefariki usiku kitongojini, juu mlimani, mahali ambapo gari halifiki. Kabla jua halijapanda, wanaume wa jumuiya wameshapeana majembe na sululu, wameshajua nani anachimba na nani anakwenda kumpa taarifa katekista. Wanawake wanashuka na ndoo za maji, unga, mikungu ya ndizi, kuni. Mweka hazina anakuja na daftari lake la kurasa zilizokunjamana, anaandika kila nyumba imetoa nini: huyu elfu mbili, huyu debe la mahindi, huyu "ataleta". Mgonjwa naye ana utaratibu wake. Akilazwa Morogoro mjini, kuna zamu ya kumlimia, na kuna mtu wa kubaki na watoto. Hakuna mradi, hakuna ripoti ya robo mwaka, hakuna bango lenye nembo. Ukimwuliza mwanajumuiya kama anatoa huduma kwa jamii atakushangaa. Yeye amekwenda msibani.

Ndani ya daftari lile kuna utani wa zamani umevaa rozari. Leo unachimba, kesho unachimbiwa. Ndiyo maana limedumu kwenye vijiji ambako miradi ya wafadhili imekuja na kuondoka, ikiacha jengo lenye kufuli na mlinzi anayedai mshahara wa miezi sita. Anayepokea kwenye jumuiya anajua atatoa, na anayetoa anajua atapokea, kwa hiyo hakuna anayemtazama mwenzake kutoka juu.

Mnada wa baada ya misa unatokana na mzizi huo. Vilivyoletwa kama matoleo vinapangwa nje ya mlango wa kanisa: kuku aliyefungwa miguu, fenesi, mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, fungu la miwa. Mnadi ni mtu mwenye mdomo, mara nyingi mwanakwaya. Kuku wa mjane mmoja ananunuliwa kwa bei ya kuku wawili wa sokoni, na mnunuzi, baada ya kushangiliwa, anamrudisha anadiwe tena. Mchumi angesema soko limevurugika. Watu pale wanajua wanachokifanya: fedha zinapatikana, aliyetoa kidogo haoni aibu, na mwenye duka analazimishwa kwa kicheko kutoa anachostahili kutoa.

Lakini jumuiya ina ugonjwa wake, na ukimya juu yake haumsaidii mtu. Daftari linaloweza kuonyesha nani ana shida linaweza pia kuonyesha nani hajalipa. Katika parokia nyingi nchini sasa mwumini ana kadi ya zaka, ina mahudhurio ya jumuiya, ina michango ya ujenzi, na akifa familia inaulizwa kadi kabla ya kuulizwa amekufa kwa nini. Kama hayuko vizuri kwenye kadi, padri haji; anakuja katekista, au haji mtu. Viongozi wanajitetea kwamba bila hivyo watu wangelikumbuka kanisa siku ya kufa tu. Hoja ina ukweli wake. Ila mzee wa miaka themanini aliyeshindwa kupanda mlima kwenda jumuiya kwa sababu ya magoti, akazikwa kama mgeni, ni hoja ya upande wa pili, na ina uzito kuliko ya kwanza. Utani haukuwa na kadi. Mtani wako hata kama ni mlevi na mdaiwa, ulimzika.

Na kuna jirani ambaye hayumo kwenye daftari kabisa. Kwa Matombo swali hili si la nadharia. Waombolezaji wengi kwenye msiba wa Kikristo ni Waislamu, na baadhi yao ni ndugu wa damu. Wanaleta majamvi, wanachimba, wanakaa. Kwenye futari na maulidi mambo yanageuka. Ng'ombe wa shughuli ya kijiji, kwa desturi iliyoenea Tanzania nzima, huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale, na kwa muda mrefu Wakristo hawakuona kwamba wamepungukiwa kitu. Tulijua thamani ya desturi hiyo ilipoanza kuvunjika: Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Nani ashike kisu lilikuwa jambo ambalo majirani walikuwa wamelimaliza bila kamati, kisha likafunguliwa upya kwa jina la dini.

Sasa jumuiya inapotenga fungu la kusaidia wenye shida, je, Salumu mgane wa kitongoji hicho hicho yumo? Kwenye msiba yumo, kwa sababu msiba hauna mlango. Kwenye fungu la fedha mara nyingi hayumo, kwa sababu fedha zina mlango na mlango una mlinzi. Sisemi kwa ubaya. Watu waliochangishana shilingi mia mia wana haki ya kufikiria kwanza wenzao. Lakini kanisa linaloandika kwenye mpango mkakati wake kwamba linaihudumia jamii nzima lisiandike hivyo kama linahudumia waumini wake. Liseme wazi ni chama cha kusaidiana. Chama cha kusaidiana si dhambi.

Serikali nayo imelifanya neno jamii kuwa gumu zaidi. Februari 1992 ilitiliana saini makubaliano na Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na mwaka huo ikazaliwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili makanisa yaendeshe tena shule na hospitali kwa kushirikiana na dola. Baadhi ya hospitali za kanisa zina hadhi ya kuwa hospitali teule za wilaya, zina watumishi wanaolipwa na hazina, na zinatibu kila anayefika. Ni mpango uliookoa maisha mengi. Waislamu wengi hawakuupenda na hawajaacha kusema hivyo: fedha za wote zinapita kwenye mikono ya baadhi. Jibu la kawaida la makanisa ni kwamba wodini hakuna anayeulizwa dini. Ni kweli. Lakini kwenye bodi ya hospitali dini inajulikana bila kuulizwa, na pale ndipo bei ya kujifungulia inapopangwa. Ukitaka kujua kama huduma ni ya jamii, usiangalie foleni. Angalia nani ameketi mezani.

Matombo ina jirani mwingine ambaye hakuna jumuiya inayomkumbuka, naye haikumbuki Matombo. Mito ya upande huu inakwenda Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam na Kibaha. Oktoba 2022 maji ya Ruvu yalipopungua, jiji liliingia kwenye mgawo, na lawama zikapanda mlimani haraka kuliko maji yanavyoshuka: wakulima wanalima kwenye vyanzo, wanakata miti, wanachoma. Kauli zilifanana mno na za mwaka 1950. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu kitu tofauti katika kata ya Kibungo Juu: watumiaji wa maji wa bondeni, wakiwemo shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, na kampuni ya Coca-Cola, wachangie fedha, na mkulima wa juu anayetengeneza ngazi na kupanda miti alipwe. Ngazi zile zile ambazo wajomba wake walizirushia mawe. Safari hii aliulizwa shamba lipi, na akalipwa. Fedha zilikuwa ndogo na mradi ulikuwa na mwisho wake, kama miradi yote, lakini ulithibitisha kwamba watu wa Uluguru hawakuwahi kuzichukia ngazi. Walichukia kuamriwa wazichimbe hata pasipofaa.

Hapa ndipo naona kanisa lina kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya kwa urahisi. Jimbo la Morogoro na Jimbo Kuu la Dar es Salaam ni kanisa moja. Parokia za Dar hupanga mabasi kwenda hija Bagamoyo, hupeleka vyakula kwenye vituo vya yatima wakati wa Kwaresima, na hupanda miti kwenye viwanja vyao kwa sababu Papa Francis aliandika waraka juu ya mazingira mwaka 2015. Parokia ya Kimara, inayofungua bomba la maji yaliyotoka Uluguru, ikitenga sehemu ndogo ya matoleo yake kila mwaka kwa ajili ya vijiji vinavyotunza chanzo, na fedha hizo zikapitia mkutano mkuu wa kijiji badala ya ofisi ya parokia, Salumu na Paulo wote watazipata. Dar haitakuwa imetoa sadaka. Itakuwa imelipa bili yake ya maji, ile sehemu isiyoandikwa kwenye ankara.

Kwa Matombo kwenyewe, mahitaji si siri. Mkulima wa karafuu na mdalasini akikosa nauli ya hospitali huuza mazao yakiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye haraka. Kaya nyingi zimekuwa zikishindwa kutoa kwa mkupuo fedha za bima ya afya; chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa zilikuwa shilingi 30,000 kwa watu sita kwa mwaka. Zikichangishwa kidogo kidogo wakati wa mavuno, zinapatikana. Jumuiya inayojua kuweka daftari la msiba inaweza kuweka daftari la bima na la mkopo wa kusubiria bei, na zipo parokia nchini ambako vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vilivyoanzia kwa wanawake Wakatoliki wa WAWATA vinafanya kazi ya namna hiyo. Ujuzi upo. Uaminifu upo, kwa sababu mweka hazina anajulikana anakoishi.

Ombi langu kwa halmashauri za walei, Matombo na kwingineko, ni hili. Kabla ya kuamua mwaka huu mnaihudumia jamii kwa nini, ondokeni kwenye ukumbi wa parokia. Nendeni kwenye ofisi ya kijiji siku ya mkutano, mwenyekiti wa kijiji afungue, imamu awepo, wandewa waliobaki wawepo, wanawake wanaouza ndizi barabarani wawepo, na paroko aketi kwenye benchi kama wananchi wengine na azungumze akipewa nafasi. Wekeni hadharani mna kiasi gani. Ulizeni kifanyike nini, na mkiambiwa kwamba mnachotaka kukijenga hakihitajiki, msikijenge. Mkutano wa namna hiyo hauhitaji mfadhili, na mwaliko wake unaweza kutangazwa Jumapili ijayo.